Redio Mbili za Korongo

Jumatatu, 3 Machi

Wateja wengi leo saluni kwangu, Busia upande wa Uganda. Nasuka mistari huku simu nimeiegemeza kwenye chupa ya spiriti, video inaendelea, mtu anafungua boksi la rimoti ya kurushia ndege ndogo za mota. Mteja akauliza kama ni mahubiri. Nikamwambia ni karibu sawa.

Rimoti yetu ya zamani imekufa. Betri zilivuja ndani zikala kila kitu. Kosa ni la kuiacha kwenye kabati muda mrefu. Tangu pikipiki imwangushe Opio barabara ya Nagongera mwaka jana, hakuna aliyerusha kitu. Ng'ombe alivuka ghafla, basi. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika na kidole gumba hakijarudi hadi leo. Kimekaa tu hapo, hakikunji.

Opio ni pacha wangu. Yeye wa kwanza, mimi wa pili. Kabla ya ajali hatukukosa Jumapili. Ibada ikiisha, sisi na ndege yetu uwanja wa mpira Mukuju, watoto wa mji mzima nyuma yetu.

Nanunua rimoti mpya. Nimeamua leo, nikiwa nimeshika kichwa cha mtu. Tangu niamue, miguu haitulii. Naandika Kiswahili cha shule, kile nilichosomeshwa ng'ambo ya mpaka. Opio akichungulia ataona uvivu kusoma. Heri.

Jumatano, 5 Machi

Nimevuka asubuhi kwa mguu. Duka la Wafula, upande wa Kenya, nyuma ya foleni ya malori. Wafula ni Msamia, anauza vipuri vya simu na redio, na ndiye mtu pekee ng'ambo ile ninayemjua anayerusha ndege. Mwongo kidogo, fundi sana.

Nikaomba kuona rimoti. Akaweka mkono kifuani.

"Madam, hapa hatuuzi rimoti ya TV. Hii inaitwa redio. Tuheshimiane."

Haya, redio. Akazipanga mezani. Nilitaka kuzibeba zote. Kuna ya chaneli nne, ambazo zinatosha ndege kama yetu: moja ya mota, moja ya mkia wa kupanda na kushuka, moja ya usukani, moja ya vibawa vya kulalia upande. Kuna ya chaneli sita. Kuna kubwa yenye skrini ya rangi, inayokutamkia kwa sauti ya mwanamke kwamba betri inaisha. Nilizungusha vijiti vyake viwili nikasikia raha mpaka magotini. Laini! Vya zamani vilikuwa vinakwaruza kama vina mchanga.

Wafula akaniangalia nikicheza, kisha akauliza nanunua ya ndege gani. Ya Korongo, ndege yetu, nikasema. Akakuna shingo.

"Kwani Opio hajakushow? Korongo nimepewa mimi. Nakuja kuichukua Jumatatu ya Pasaka."

Sikununua kitu. Nilirudi upande wangu bila kumsalimu mtu.

Jumapili, 9 Machi

Mukuju. Opio anaishi kwa Mama tangu ajali. Nimemkuta nyuma ya nyumba anawapa kuku maji. Nikamuuliza moja kwa moja, ni kweli? Kweli. Wafula ataitumia, kwetu inaliwa na vumbi.

Korongo inaning'inia kwenye dari ya sebule. Tuliijenga pamoja. Mabawa ni ile povu nyeupe inayofungiwa friji, nilikuwa naiomba kwa wenye maduka Busia hadi wakanizoea. Ndani ya bawa kuna mwanzi Opio aliuchonga mpaka ukawa mwembamba na mnyoofu. Tumefunika kwa selotepu ya rangi, nyekundu chini ili ukiiona juu ujue tumbo ni lipi na mgongo ni upi. Sasa ina mavi ya kuku kwenye mkia.

Nikamwambia naleta redio mpya. Akanyanyua mkono wa kulia, akanionyesha kile kidole.

"Mimi narusha na nini, Adongo? Na meno?"

Halafu akacheka. Nilichukia kile kicheko. Ni cha mtu aliyekwisha funga mlango.

Ana haki, hilo ndilo linaloniuma. Redio tulizozizoea, kazi yote ngumu iko kijiti cha kulia. Kupanda, kushuka, kulala kushoto, kulala kulia, kila kitu ni kidole gumba cha kulia, tena kwa kugusa kidogo kidogo tu. Chake hakigusi hata kitufe cha simu.

Jumatatu, 10 Machi

Hasira siku nzima. Nimemkaza mteja nywele mpaka macho yakavutika. Sitaki Korongo ivuke mpaka. Na si kwa ajili ya povu na mwanzi. Ikienda ile ndege, Opio hatajenga nyingine. Atakaa na kuku wake awe mzee kabla ya wakati. Mimi namjua, nililala naye tumbo moja.

Jioni nikapaka mafuta mkono wa kulia bila kufikiri, kisha simu ikalia. Nikaishika kwa kushoto, nikabonyeza kwa kushoto, nikaandika ujumbe mzima kwa kushoto. Vibaya, lakini nikaandika.

Mkono wa kushoto wa Opio ni mzima kabisa!

Alhamisi, 13 Machi

Inawezekana. INAWEZEKANA.

Nilimfungia Wafula dukani mwake kwa maswali. Redio hizi mpya unaweza kuzigeuza. Zina mipango minne ya vijiti. Sisi tunatumia wa pili, kama karibu kila mtu. Lakini kuna wa tatu: kazi yote ngumu inahamia kijiti cha kushoto, na kulia inabaki mota na usukani. Mota huigusi mara kwa mara. Unaisukuma hadi nusu, unaiacha pale. Kijiti cha mota hakina springi ya kukirudisha katikati, kinakaa ulipokiweka. Opio anaweza kukisukuma hata kwa upande wa ngumi, kisha apumzishe mkono.

Unabadilisha kwa sehemu mbili. Kwanza kwenye menyu. Pili unafungua mgongo wa redio na kuhamisha springi kutoka kijiti kimoja kwenda kingine. Wafula anasema watu husahau springi, kisha wanamlaumu muuzaji.

Nikamwuliza mbona ananisaidia wakati anaitaka Korongo. Akasema ndege anaitaka sana, ila kumwona Opio akirusha anataka zaidi. Huyu mtu nilikuwa namdharau bure.

Nimechagua ile kubwa yenye sauti ya mwanamke. Moja, nzuri, yetu wote. Nimemwambia aniwekee. Nilivuka mpaka nikitembea karibu kukimbia, askari akaniuliza nafukuzwa na nani.

Jumapili, 16 Machi

Mama amekataa.

Nilimweleza nikidhani atafurahi. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage. Halafu akaacha Kidhopadhola, lugha yetu ya nyumbani, akaingia Kiswahili. Mama akianza Kiswahili kwetu tunajua mambo yameharibika. Ni lugha aliyotumia kugombania bei sokoni maisha yake yote, na kwake haina kazi nyingine.

"Wewe Adongo! Nani alikuambia mapacha inapewa kitu moja? Mimi nilinunua gauni moja? Nilinunua sufuria moja? Kitu mbili! Sawasawa!"

Nikasema ni ya kutumia pamoja. Akasema hakuna pamoja, kuna wa kwanza na wa pili, na mmoja akipewa mwingine akaangalia tu, mmoja wao ataumia. Akataja watoto wa jirani, mapacha, mmoja alipewa viatu. Hadithi hiyo nimeisikia tangu nina meno ya utoto. Akaongeza kwamba mmoja wao tayari mkono umeharibika, sasa nataka nini tena?

Hapo nikaelewa. Kumbe anadhani ajali ile ilitokea kwa sababu hiyo. Pikipiki alipewa Opio, mimi sikupewa kitu mwaka ule. Mama amelibeba hili peke yake muda wote.

Opio alikuwa mlangoni. Alisikia kila kitu. Hakusema anataka redio wala hataki. Lakini kwa mara ya kwanza hakuonyesha kile kidole.

Jumanne, 18 Machi

Nimemkasirikia Mama, nimejikasirikia kwa kumkasirikia Mama. Redio mbili kubwa siwezi. Redio mbili ndogo ni upuuzi, ndege ni moja. Nikamtumia Wafula ujumbe kwamba biashara imevunjika, ni mambo ya kwetu. Akajibu, mbili? Mbona hukusema mapema? Njoo kesho.

Hakueleza zaidi. Nitakufa kwa hamu.

Jumatano, 19 Machi

Niseme nini! Mama kashinda, na mimi nimeshinda, wote tumeshinda!

Zile redio ndogo za chaneli sita, zisizo na skrini ya rangi wala mwanamke wa kuongea, zina tundu mgongoni. Unaunganisha mbili kwa waya. Moja inakuwa ya mwalimu, nyingine ya mwanafunzi. Ndege inasikiliza ya mwalimu peke yake. Mwalimu akishikilia swichi fulani, mwanafunzi ndiye anarusha. Mwalimu akiiachia, ndege inarudi mikononi mwake papo hapo. Mtu anajifunza na ndege haivunjiki.

Mimi na Opio, bega kwa bega, waya katikati. Nilipiga kelele dukani. Mpita njia akachungulia.

Nikauliza mengine kama mnunuzi mwenye akili, nisije nikaonekana nimelewa furaha. Inafika umbali gani? Mbali kuliko macho yako, akasema, na Korongo ukishaiona kama nzi umekwisha. Ikipoteza mawasiliano inafanyaje? Unaipangia izime mota yenyewe. Inatumia betri gani? Za kawaida, zile za tochi. Nzuri, hata Mukuju zipo.

Ijumaa, 21 Machi

NIMENUNUA. Boksi mbili, sawasawa, hata mikwaruzo hazina. Na risiva, kile kidude kinachokaa ndani ya ndege na kusikiliza redio.

Nilishindwa kungoja. Nikazifungua saluni, kwenye trei ya pini na vibanio. Bisibisi ndogo, springi ndogo, ulimi nje. Mteja alikaa na kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, akasema kama ndiyo hivyo anakwenda kwa jirani. Nikamwambia aende. Hakwenda. Akaishia kunishikia tochi ya simu.

Springi ya kwanza iliruka, tukaitafuta sakafuni katikati ya nywele. Ya pili nilikuwa nimejua. Zote mbili sasa ziko mpango wa tatu, zote mkono wa kushoto.

Wafula aliniuliza kwa simu, yako si ungeiacha ya kawaida tu? Kila redio inaweza kuwa na mpango wake, haisumbui. Nikamwambia hapana. Mapacha ni mapacha. Zitakuwa sawasawa hadi ndani. Mama asije akakuta tofauti. Tena nitamfundisha vipi Opio kama mikono yangu inafanya kinyume cha yake? Akasema sawa, madam, wewe ndiye mwenye ndege.

Jumapili, 23 Machi

Mama alizitoa kwenye boksi mwenyewe. Akazigeuza, akazipima uzito, moja kila mkono, kama anayepima nyanya. Akaridhika. Akamkabidhi Opio kwanza, kisha mimi. Alifumba macho kidogo, nadhani aliomba.

Opio akavuta kiti, akapanda. Tulishusha Korongo, tukaifuta, nikafunga risiva. Nikamwekea redio mapajani. Akasukuma kijiti cha kulia kwa ngumi, propela ikanguruma na kuku wote wakakimbia. Opio akashtuka kidogo. Kisha kidole gumba cha kushoto, taratibu. Mkia ukapanda. Mkia ukashuka. Vibawa, kushoto, kulia.

Akarudia. Akarudia tena. Sikumhesabia, ila chai yake ilipoa mpaka ikafanya ngozi.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha. Nikajipangusa na kanga ya Mama iliyokuwa kwenye kamba, ina harufu ya moshi mpaka sasa usoni.

Ijumaa, 28 Machi

Kazi nyingi. Nafanya mazoezi na redio ikiwa imezimwa, chini ya meza, mteja akiwa kwenye mashine ya kukaushia. Kushoto kupanda, kushoto kulala. Najisifu, mikono imegeuka upesi. Mimi ni mwepisi wa kujifunza, hata walimu walisema.

Jumapili, 30 Machi

Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua asubuhi, upepo mchana. Hatukurusha. Tulipima mawasiliano tu. Mimi nilisimama katikati ya uwanja na Korongo mikononi, Opio akarudi nyuma na redio ya mwalimu mpaka kwenye barabara, akichezesha mkia. Kila alipochezesha nilinyanyua mkono. Alikuwa anatembea haraka. Anatembea kama zamani, kifua mbele.

Watoto wakauliza itaruka lini. Opio akajibu mwenyewe, kabla yangu: "Pasaka."

Sasa naogopa. Kabla ya leo nilikuwa na furaha tupu. Ikianguka mikononi mwake mara ya kwanza, mbele ya watu, na Wafula amekuja kuichukua, hatashika redio tena. Namjua.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua tena. Opio amenipigia mara nyingi kuuliza mawingu ya Busia yanaelekea wapi. Mimi ni idara ya hali ya hewa?

Jumamosi, 19 Aprili

Saluni imejaa, kila mtu anataka kichwa cha Pasaka. Vidole vimevimba. Wafula ameandika kuwa Jumatatu atakuja na pikipiki na kamba. Nikamwuliza kamba ya nini. Akasema madam, ahadi ni ahadi, Opio asiporusha mimi sirudi mikono mitupu. Nikamwambia aje na tumbo tupu kwa sababu Mama anachinja, hayo mengine tutaona.

Roho juu juu.

Jumatatu, 21 Aprili

Nitaandika yote.

Jua zuri. Upepo kidogo kutoka upande wa lile jiwe kubwa la Tororo. Watu wa kanisani, watoto, wenye boda wameegesha, Wafula na kamba yake begani. Mama alikuja na kiti chake na kukiweka kando ya goli. Hajawahi kuja uwanjani hata mara moja.

Mimi mwalimu, Opio mwanafunzi, waya katikati yetu. Nilirusha mimi kwanza, kama tulivyokubaliana. Taratibu, kushoto kupanda, kulia mota. Korongo ikakimbia kwenye majani, ikaruka. Wote wakapiga kelele. Nilikuwa makini, ikapanda vizuri, tumbo jekundu likaonekana. Nikaizungusha uwanja, nikaiweka sawa, nikashikilia swichi.

"Yako," nikamwambia.

Ikayumba kidogo. Kisha ikatulia. Opio alikuwa anarusha! Ngumi ya kulia imelala juu ya mota, kidole cha kushoto kinagusa, kinagusa. Akaipeleka mpaka juu ya kanisa, akaizungusha, akairudisha. Pana, polepole, bila kutikisika. Anarusha vizuri kuliko alivyorusha na mkono wa kulia, au ni mimi nilikuwa na machozi. Wafula alikuwa anaruka kama mtoto.

Halafu upepo. Ukaipiga ubavuni ikaegemea kushoto, ikaanza kuteremka kuelekea miti ya barabarani. Nadhani Opio aliona. Nadhani alikuwa tayari anairekebisha. Mimi sikungoja. Niliachia swichi.

Ikawa yangu. Na mikono yangu, ile niliyoisifu, ile myepesi ya kujifunza, ikasahau kila kitu. Hofu ilipoingia, mikono ikarudi kwenye mazoea yake. Nikavuta kijiti cha kulia nipandishe pua, kama nilivyofanya miaka yote. Lakini kulia sasa ni mota. Mota ikazima. Kimya. Nikasema mota imekufa, nikasukuma kijiti cha kushoto kwa nguvu niiwashe, na kushoto sasa ni mkia. Korongo ikainamisha kichwa ikaja chini moja kwa moja. Niliona mgongo wake wote.

Watu wakapiga mayowe. Mimi nilizidi kusukuma. Nilijua ninakosea na mkono haukunisikia.

"Nipe! Adongo, nipe mimi!"

Nikabonyeza swichi. Hilo tu nililiweza.

Ngumi yake ilikuwa bado pale ilipokuwa, mota nusu. Papo hapo ikanguruma. Kidole cha kushoto kikavuta, si kwa nguvu, kikavuta tu. Ikanyanyuka. Ikapita juu ya goli, juu ya kiti cha Mama, chini kiasi kwamba kitambaa cha kichwa kilipeperuka, ikapanda tena angani.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua niliketi kwenye majani na redio mapajani na kidole kimeganda kwenye swichi, naogopa hata kupiga chafya. Opio alizunguka uwanja mara nyingi. Alitua mwenyewe. Gurudumu moja likang'oka, Korongo ikaburura tumbo kwenye majani, ikasimama.

Mama alikuja akasimama mbele ya Opio. Sikujua atasema nini, amekaribia kukatwa kichwa na ndege. Alimshika mkono ule mbovu, akaubusu kwenye kifundo, akarudi kuketi.

Wafula akakunja kamba yake, duara baada ya duara, akaitia mfukoni. Akala kuku watatu, karibu. Alipowasha pikipiki aliniambia chinichini, "Madam, ile yako rudisha springi. Nakuomba."

Opio hakunicheka. Aliniuliza tu kwa nini niliichukua ndege. Nikasema niliogopa. Akasema hata yeye aliogopa, lakini alikuwa anaiona inakwenda wapi. Basi. Nimeona aibu, na nina furaha kiasi kwamba aibu haina pa kukaa.

Jumanne, 22 Aprili

Nimerudisha springi. Yangu ni ya kulia tena. Nilimpigia Mama kumwambia zinatofautiana sasa. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kuwa ni kama sahani mbili, mmoja anakula kwa kulia na mwingine kwa kushoto, chakula ni kile kile. Akafikiri. Akasema hiyo inakubalika.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku tulivu. Mteja mmoja asubuhi, mwingine hakutokea.

Saa nne Mama akapiga. Ananiuliza kama nina chumvi ya mawe, nimletee Jumapili. Kisha, kama habari ndogo, akasema ndugu yangu yuko uwanjani tangu jua lilipochomoza. Amelibandika gurudumu kwa gundi, ameifundisha ndege kuisikiliza redio yake, amebeba hiyo peke yake, waya ameuacha nyumbani kwenye meza. Chai hajanywa. Watoto wamechelewa shule kwa ajili yake na mwalimu amekuja kuwafuata, naye mwalimu hajarudi.

Nikasema chumvi ninayo.

Nilikaa mlangoni mwa saluni. Malori yalikuwa yamesimama kama kawaida, madereva wananunua chapati. Opio hakunialika. Hakunipigia kuuliza mawingu. Tangu tuzaliwe sijui jambo kubwa alilolifanya bila kunivuta mkono, au mimi bila kumvuta yeye. Ilinichoma kidogo, niseme ukweli. Ilinichoma, na sikutaka iwe vingine.

Nilitoa simu nikatafuta jina lake. Nilitaka kusikia mlio wa mota, hata kidogo.

Sikupiga. Angetaka kupokea, na mkono wake mzima ulikuwa kazini.